Mozaiki Katika Nyumba ya Mungu: Malighafi, Ufundi na Wajibu wa Parokia



Wapendwa waamini, miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa paroko msaidizi katika parokia moja ambayo sitaitaja jina, mtoto wa Utoto Mtakatifu alinifuata sakristiani baada ya Misa ya Dominika akiwa amefumba kiganja. Alipokifungua niliona vipande vitatu vidogo vya vigae vyeupe. Akasema, "Padre, mwanakondoo ameanguka uso." Alikuwa anazungumzia picha ya Kristo Mchungaji Mwema iliyopamba ukuta wa nyuma ya altare. Picha hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa vipande vya vigae, kwa michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na masika ya tatu yalikuwa bado hayajaisha tangu ibarikiwe.

Wiki zilizofuata zilijaa lawama. Waamini walimlaumu fundi, naye fundi akavilaumu vigae. Hatimaye tulimwita mwashi mzee, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kisha akauparua kwa ukucha. Lipu ikamomonyoka kama unga. Nje ya ukuta huohuo, mfereji wa paa uliotoboka ulikuwa ukimwaga maji kwa misimu yote mitatu. Picha haikuwa na kasoro hata moja. Kilichokosewa ni kile kilichokuwa nyuma yake, ambacho hakuna aliyekiona wala kukichangia.

Ninaandika makala hii kwa sababu parokia nyingi sasa zinatamani kupamba makanisa yao kwa mozaiki. Ni tamaa njema. Hata hivyo, fedha inayotumika ni sadaka ya watu, nyingine ya mjane na ya mkulima, na hatuna haki ya kuibandika juu ya ukuta unaooza. Basi tuitazame sanaa hii tangu asili yake: malighafi yake, namna inavyojengwa, na yale ambayo Kanisa linatudai kabla ya kuanza.

Mozaiki ni nini?

Mozaiki ni picha au nakshi inayoundwa kwa kupanga vipande vidogo vya jiwe, kioo au kauri juu ya tabaka bichi la chokaa au saruji, ambalo likikauka huvishika vipande hivyo kwa kudumu. Kila kipande huitwa tesera kwa asili ya Kilatini. Katika makala hii nitakiita kijiwe. Mchoraji wa rangi huchanganya rangi zake kabla ya kuzipaka. Fundi wa mozaiki hawezi kufanya hivyo: kijiwe chekundu kitabaki chekundu na cha manjano kitabaki cha manjano. Akivipanga jirani, jicho la mtazamaji aliye mbali ndilo linaloona rangi ya machungwa. Kwa sababu hiyo, mozaiki iliyopangwa vizuri huonekana kama mabaka ukiwa umbali wa hatua moja, na huonekana kama uso ulio hai ukiwa katikati ya kanisa.

Safari ya mozaiki katika Kanisa

Sanaa hii ni ya kale kuliko Ukristo. Huko Uruk, katika nchi ya Iraki ya leo, watu wa milenia ya 4 kabla ya Kristo walichomeka koni za udongo zilizopakwa rangi vichwani ndani ya kuta za mahekalu yao. Wagiriki wa Pella, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, walitengeneza sakafu za picha kwa kokoto za asili. Warumi ndio walioeneza matumizi ya vijiwe vilivyokatwa kwa umbo la mraba, kazi waliyoiita opus tessellatum. Mahali palipohitaji undani, kama vile uso, walitumia vijiwe vidogo sana vilivyofuatana kama mnyoo anavyojinyonganyonga, wakaiita kazi hiyo opus vermiculatum.

Wakristo waliipokea sanaa hiyo na kuipandisha kutoka sakafuni hadi ukutani. Katika Basilika ya Bikira Maria Mkuu mjini Roma kuna mozaiki za wakati wa Papa Sisto wa Tatu (432–440), zilizofanyika mara baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 kumkiri Bikira Maria kuwa Mama wa Mungu. Juu ya tao kubwa mbele ya altare pana maandishi mafupi yanayosema kwamba Askofu Sisto aliitoa kazi hiyo kwa ajili ya watu wa Mungu. Ndugu msomaji, liweke neno hilo moyoni: kazi ilikuwa ya watu wa Mungu tangu siku ile.

Mjini Ravenna, kaskazini mwa Italia, Basilika ya San Vitale iliwekwa wakfu mwaka 547. Kwenye kuta za patakatifu pake anaonekana Kaisari Justiniani akiwa ameshika patena na Kaisarina Theodora akiwa ameshika kikombe, wote wakielekea kutoa vipaji. Huko Tabgha, kando ya Ziwa Galilaya, sakafu ya karne ya 5 ina mozaiki ya kikapu cha mikate katikati ya samaki wawili. Mikate inayoonekana ndani ya kikapu ni minne, na waongozaji wa mahujaji hupenda kueleza kwamba wa tano uko juu ya altare. Huko Madaba, nchini Yordani, sakafu ya kanisa ya karne ya 6 ina ramani ya zamani kuliko zote zilizobaki za Nchi Takatifu.

Ulipozuka mgogoro wa kuharibu picha takatifu, Mtaguso wa Pili wa Nisea wa mwaka 787 uliitetea heshima ya picha hizo, na katika uamuzi wake ukaitaja mozaiki waziwazi pamoja na michoro ya rangi. Baadaye, katika Basilika ya Mtakatifu Petro, michoro mikubwa ya mafuta iliyokuwa juu ya altare ilikuwa ikiharibiwa na unyevu, na hatua kwa hatua ikabadilishwa kuwa mozaiki. Kazi hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1727 Karakana ya Mozaiki ya Vatikani ikawekwa kuwa taasisi ya kudumu. Ingali inafanya kazi hadi leo. Miongoni mwa kazi zake ni utunzaji wa mozaiki za Basilika na utengenezaji wa picha za duara za Mapapa zinazozunguka ndani ya Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Mahujaji wanaosimama katika Uwanja wa Mtakatifu Petro huona pia mozaiki ya Maria Mama wa Kanisa, iliyowekwa kwenye ukuta wa Jumba la Kitume mwaka 1981 kwa matakwa ya Papa Yohane Paulo wa Pili, baada ya kunusurika jaribio la kuuawa.

Malighafi na tabia zake

Jiwe la asili. Marumaru ya jiwe, chokaa-jiwe na mawe mengine ndiyo malighafi ya kale. Sifa yake kuu ni kwamba rangi imeenea katika unene wote; kijiwe kikisagika kwa kukanyagwa miaka mia, rangi haipotei. Udhaifu wake ni kwamba rangi zake ni za upole, na bluu au kijani kali hupatikana kwa shida. Marumaru ya jiwe pia huliwa na tindikali, kwa hiyo isisafishwe kamwe kwa dawa za choo wala kwa maji ya ndimu.

Smalti. Hiki ni kioo kizito kisichopitisha mwanga, kinachotengenezwa kwa kuyeyusha mchanga pamoja na madini yanayotia rangi: kobalti kwa bluu, shaba kwa kijani na nyekundu, manganizi kwa zambarau. Kioo kilichoyeyuka hukandamizwa kikawa bamba kama chapati, hupoozwa polepole, kisha hukatwa kwa nyundo maalumu yenye makali juu ya patasi iliyosimikwa kwenye gogo. Upande unaotazamwa ni ule uliokatika, wenye mabonde madogo yanayorudisha mwanga kwa pembe nyingi. Kisiwa cha Murano, karibu na Venezia, kimekuwa maarufu kwa kazi ya kioo kwa karne nyingi.

Kijiwe cha dhahabu. Karatasi nyembamba mno ya dhahabu hulazwa juu ya kioo na kufunikwa kwa kioo kingine chepesi, kisha vyote huunganishwa kwa moto. Dhahabu hiyo haichakai kwa sababu hewa haiifikii. Atakayekuuzia vipande vilivyopakwa rangi ya dhahabu juujuu hajakuuzia kitu hiki, na baada ya misimu michache utaijua tofauti.

Vigae vya kauri. Hivi ndivyo vinavyopatikana katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi, na hakuna aibu kuvitumia. Yafaa tu kutofautisha aina mbili. Vigae vya ukutani huwa na udongo laini unaonyonya maji na rangi iliyo juu tu. Ukivikata, pembeni hubaki na rangi ya udongo. Vigae vigumu vya sakafuni hunyonya maji kidogo sana, na baadhi yake vina rangi hadi ndani. Kwa ukuta unaopata mvua au mahali pa kisima cha ubatizo, chagua hivi vya pili.

Vioo na chupa. Vijana wetu wa parokia hupenda wazo la kukusanya chupa, nalo ni zuri kwa utunzaji wa mazingira. Lakini kioo cha chupa hupitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya gundi iliyo nyuma yake huonekana. Tumia gundi nyeupe, ipakwe ijae bila mapovu. Kingo zake zisagwe, na anayezikata avae miwani na glavu. Vioo vyenye kingo kali visiwekwe kabisa mahali ambapo mikono ya waamini hugusa.

Msingi usioonekana

Hapa ndipo moyo wa makala hii ulipo. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alieleza kwamba sakafu njema huanza na tabaka la mawe, kila jiwe lisilopungua ukubwa wa kujaza kiganja. Juu yake huwekwa zege la kokoto sehemu 3 kwa chokaa sehemu 1, likashindiliwa kwa nguvu. Kisha hufuata tabaka la vigae vya udongo vilivyosagwa sehemu 3 kwa chokaa sehemu 1, na ndipo vijiwe hupangwa. Kwa ukuta, mafundi wa kale walipiga tabaka mbili au tatu za lipu, kila moja laini kuliko iliyotangulia. Ile ya mwisho waliipaka kipande kidogo tu, kiasi walichoweza kukipangia vijiwe kabla hakijakauka. Juu ya lipu hiyo bichi walichora kwanza kwa rangi, ili mkono usipotee njia.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna sababu ya kuiona hekima hiyo kuwa ya kigeni. Kwenye pwani yetu, wajenzi wa Kilwa na Gedi walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakajenga kwayo majumba na misikiti ambayo magofu yake yamesimama kwa karne nyingi mbele ya chumvi ya bahari. Katika makaburi ya zamani ya Kunduchi walipachika bakuli za kauri zilizotoka ng'ambo ndani ya lipu ya chokaa. Huo si mozaiki kwa maana kamili, lakini kanuni ni ileile: kauri iliyong'arishwa, iliyokumbatiwa na chokaa iliyoandaliwa kwa subira.

Leo wengi wetu hutumia saruji na gundi ya vigae ya unga inayochanganywa na maji. Vifaa hivi ni vizuri iwapo kanuni zifuatazo zitashikwa:

1. Ponya ukuta kwanza. Tafuta maji yanatoka wapi: paa, mfereji, msingi usio na kizuizi cha unyevu, au bomba. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe, kizibwe pande zote, ukiache siku 1 au 2. Ukikuta matone chini yake, ukuta bado ni mbichi na kazi isianze.

2. Gonga lipu yote. Palipo na sauti ya mtungi mtupu, lipu imeachana na ukuta. Bandua, usizibe juu.

3. Tabaka la juu lisiwe gumu kuliko la chini. Makanisa yetu mengi ya zamani yalijengwa kwa matofali ya kuchoma na udongo. Ukipaka lipu kali ya saruji juu ya ukuta dhaifu, itajikunja na kung'oka ikiwa imeubeba uso wa matofali. Kwa kuta za namna hiyo, lipu yenye chokaa huafiki zaidi.

4. Ngoja. Lipu mpya ya saruji ipewe siku 28, ikimwagiliwa siku za mwanzo ili isikauke kwa pupa.

5. Gundi ienee. Ipakwe kwa mwiko wenye meno na kufunika eneo lote. Kubandika kwa madonge huacha mashimo ambamo maji hukaa, na hapo ndipo vijiwe huanza kuachia.

Njia tatu za kupanga vijiwe

Njia ya moja kwa moja. Fundi hupanga vijiwe palepale ukutani, uso ukimtazama yeye. Ndiyo njia ya Ravenna na ya Monreale huko Sisilia. Faida yake ni kwamba anaona mwanga halisi wa kanisa na anaweza kukiinamisha kila kijiwe apendavyo. Hasara yake ni kuchoka: hukaa juu ya jukwaa kwa miezi, na kanisa hufungwa au husali chini ya mbao.

Njia ya kinyume. Fundi hubandika vijiwe kifudifudi juu ya karatasi nzito kwa gundi inayoyeyuka kwa maji. Karatasi hukatwa vipande vyenye namba, hupelekwa kanisani na kukandamizwa kwenye gundi ya ukutani. Kisha huloweshwa na kubanduliwa, na picha huonekana. Njia hii ilipata umaarufu katika karne ya 19 kupitia fundi Gian Domenico Facchina, aliyepamba jumba la Opera la Paris lililofunguliwa mwaka 1875. Ni ya haraka, na uso wake hutoka laini, jambo linalofaa sakafuni. Lakini kuna mtego: mchoro ulio kwenye karatasi lazima uwe umegeuzwa kama katika kioo. Fundi akisahau, Kristo atabariki kwa mkono wa kushoto, na Alfa na Omega zitabadilishana mahali. Mtu wa liturujia na aukague mchoro kabla kijiwe cha kwanza hakijabandikwa.

Njia ya wavu. Vijiwe hubandikwa, uso juu, kwenye wavu wa nyuzi uliolazwa juu ya mchoro, kisha wavu wote huingizwa kwenye gundi ya ukutani. Hii ndiyo rahisi zaidi kwa vikundi vya parokia, maana watu hufanya kazi mezani, kila mmoja na kipande chake. Angalizo: gundi nyeupe ya mbao hulainika ikipata maji. Ikitumika kubandikia kwenye wavu, mozaiki hiyo isipelekwe nje wala penye unyevu.

Mwendo wa vijiwe, mianya na mwanga

Mistari ya vijiwe ina mwendo wake, kama nyuzi katika mkeka. Fundi mzuri huanza na safu inayofuata ukingo wa umbo, tuseme bega la Bikira Maria, kisha safu ya pili huifuata ya kwanza, hadi mwendo huo ulainike ndani ya mandhari. Akipanga uso kwa mistari iliyonyooka kama sakafu ya bafu, uso huo utakufa hata kama rangi zake ni sahihi.

Mianya kati ya vijiwe ni sehemu ya picha. Sakafu lazima izibwe kwa saruji laini ili uchafu na maji visipenye. Ukutani, smalti kwa kawaida huachwa bila kuzibwa, maana saruji hujaza vile vibonde vinavyoleta mng'ao. Vigae vya kauri huzibwa, lakini saruji nyeupe tupu huichuja picha. Rangi ya kijivu ya kadiri huzitunza rangi za vigae.

Kuhusu mwanga, mafundi wa Bizanti waliinamisha vijiwe vya dhahabu kidogo ili vipeleke mwanga wa mishumaa kuelekea waamini waliosimama chini. Ndiyo maana dhahabu ile huonekana kupumua mtu anapotembea. Taa kali iliyoelekezwa kwenye picha moja kwa moja huua uhai huo. Kabla ya kuamua mpangilio, kaa kanisani saa ya Misa ya kwanza, saa sita mchana na saa ya Masifu ya Jioni, uone mwanga unavyoingia.

Hesabu ya kweli

Tuchukue ukuta wa mita 3 kwa mita 4, yaani mita 12 za mraba. Vijiwe vya sentimeta 1, vikiachiana milimita 1, vitahitajika karibu laki moja. Vijiwe vya sentimeta 2, vikiachiana milimita 2, ni karibu elfu ishirini na tano. Jiwe lenye unene wa sentimeta 1 lina uzito wa takribani kilo 27 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wote utabeba zaidi ya kilo 320 bila kuhesabu gundi. Kamati ya ujenzi imwulize mhandisi kama ukuta unaweza kuubeba mzigo huo.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, bajeti igawanywe, na fungu la kutengeneza ukuta, paa na mifereji litengwe kabla ya fungu la picha. Pili, ni afadhali mita 2 za mraba zilizofanywa vema kuliko ukuta mzima uliofanywa kwa haraka ili uwahi sherehe ya jubilei.

Kanisa linatuelekeza nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu, unafundisha kwamba Kanisa halikuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake (na. 123). Hivyo sura, mavazi na mazingira ya watu wetu yana nafasi halali katika mozaiki zetu. Hati hiyohiyo inataka uzuri wenye heshima kuliko fahari ya gharama (na. 124), na inamwelekeza Askofu kuisikiliza Tume ya Sanaa Takatifu katika kuamua juu ya kazi za sanaa (na. 126). Mkusanyo wa Sheria za Kanisa unadai picha takatifu ziwe za kiasi na katika mpangilio unaofaa (kan. 1188). Unadai pia kwamba picha zenye thamani kwa ukale, usanii au heshima ya waamini zisitengenezwe upya bila ruhusa ya maandishi ya Ordinari, naye kabla ya kuitoa awaulize wataalamu (kan. 1189). Maelekezo Makuu ya Misale ya Roma yanaongeza kwamba kwa kawaida isiwepo zaidi ya picha moja ya mtakatifu yuleyule (na. 318).

Kwa lugha nyepesi: paroko na Halmashauri ya Walei wasimlipe fundi malipo ya awali kabla ya kumpelekea Askofu mchoro wenye rangi, maelezo ya malighafi na taarifa ya hali ya ukuta. Jambo hilo ni ulinzi kwa sadaka ya waamini, wala lisionekane kuwa urasimu. Pia mkataba useme nani atakayeikagua mozaiki kila mwaka baada ya masika, na vijiwe vya akiba vya kila rangi vihifadhiwe sakristiani.

Hitimisho

Mtakatifu Petro, katika barua yake ya kwanza (2:5), anawaita waamini mawe hai yanayojengwa kuwa nyumba ya kiroho. Mara nyingi tunalihubiri fumbo hilo kwa kuvisifu vijiwe: kila mmoja na rangi yake, wote picha moja. Ni kweli. Lakini Bwana wetu, katika mfano wa nyumba mbili (Mt 7:24–27), anatuuliza habari za msingi. Katika parokia zetu wako wanaoonekana kama vijiwe vya dhahabu, na wako walio kama lipu: katekista wa kigango cha mbali, mama anayefua vitambaa vya altare, mzee anayezibua mifereji kabla ya mvua. Wasipotunzwa hao, picha nzuri itaanguka kipande kwa kipande.

Katika parokia ile, tulibandua lipu yote, tukatengeneza mfereji, tukauacha ukuta wazi msimu mzima wa mvua ili tuwe na hakika. Waamini walisali mbele ya matofali matupu, na wengine walinung'unika. Vijana waliviosha vijiwe vilivyoanguka, kimoja kimoja, wakavipanga kwa rangi katika makopo. Vile vitatu alivyoniletea mtoto nilikuwa nimevihifadhi katika bahasha. Uso wa mwanakondoo uliporudishwa nilimwita avibandike mwenyewe, na mwashi mzee akamshika mkono.

Mungu awabariki katika kuijenga na kuitunza nyumba yake.